Pikipiki Iliyolala Ikianza Kuvuja Oili: Pa Kuanzia

Pikipiki hulazwa kwa sababu nyingi. Dereva kaacha kazi na mwenye chombo hajampata mwingine, mwenyewe kasafiri, masika yameharibu barabara ya kijijini, au imeegeshwa uani ikisubiri mnunuzi. Miezi mitatu minne ikipita inatolewa, inapigwa kiki, inawaka. Kesho yake asubuhi chini ya injini kuna doa jeusi. Anaitwa fundi, na fundi asiye na subira anatoa hukumu akiwa bado amesimama: injini ifunguliwe.

Mara nyingi hukumu hiyo inakuja mapema mno. Kama pikipiki haikuwa ikivuja siku ilipoegeshwa, hakuna chuma kilichovunjika ndani wakati imesimama. Vilivyobadilika ni vitu vichache vinavyojulikana, na vingi kati ya hivyo hurekebishwa bila injini kushushwa kwenye fremu. Cha muhimu ni kwenda kwa mpangilio: anza na visivyo na gharama, halafu vya gharama ndogo, na kufungua injini kuwe kwa mwisho kabisa.

Kwa nini ivuje wakati imesimama

Kila mahali shafti inapotoka nje ya injini pana sili: shafti ya gia, ya kiki, na ile inayobeba sproketi ndogo ya mbele. Sili ni pete ya mpira yenye mdomo mwembamba unaoishika shafti, na nyuma ya mdomo huo mna springi ndogo ya duara inayoubana. Pikipiki ikitembea kila siku, oili huulainisha mdomo. Ikilala, oili hushuka yote chini, mdomo unakauka na kukakamaa kama ndala iliyosahaulika juani. Siku ya kwanza shafti inapozunguka tena, mdomo uliokakamaa hauifuati vizuri, na oili inapata upenyo.

Oringi nazo hulala bapa pale zilipobanwa. Gasketi za karatasi, hasa za zamani, hukauka na kunywea kidogo, na bolti iliyokuwa imebana inabaki imelegea. Mahali penye unyevu, na zaidi pwani kwenye hewa ya chumvi, kutu huota kwenye shafti sawasawa na pale mdomo wa sili unapogusa. Shafti ikianza kuzunguka, kutu hiyo inaukwangua mdomo.

Ziko sababu mbili nyingine ambazo watu huzisahau, nazo hazina uhusiano wowote na ubovu wa sili. Ya kwanza ni petroli kuingia kwenye oili. Ya pili ni injini kushindwa kupumua. Hizi ndizo za kuangaliwa mwanzo kabisa, kwa sababu ukiziacha utabadilisha sili zote na bado itavuja.

Kabla hujapiga kiki

Isimamishe wima juu ya stendi kubwa, mahali tambarare. Chomoa kijiti cha oili, kifute, kirudishe, kitoe tena ukisome. Kwenye injini nyingi ndogo kijiti hupumzishwa tu bila kukazwa nyuzi zake, lakini zipo zinazotaka kikazwe. Fuata kitabu cha pikipiki yako. Kama yako ina kioo pembeni badala ya kijiti, oili iwe kati ya mistari miwili. Kwa kuwa yote imeshuka chini, kiwango kikisoma juu kidogo si ajabu.

Kinachotisha ni oili kuipita alama ya juu waziwazi na huku hakuna aliyeiongeza. Nusa kijiti. Kikinuka petroli, na oili ikawa nyepesi inayochuruzika kama maji, jua kwamba koki ya tangi iliachwa wazi na sindano ya kabureta haikuziba vizuri. Petroli imepita kwenye kabureta, ikaingia kwenye silinda, ikapenya kwenye ringi za pistoni na kukaa chini pamoja na oili. Usiiwashe hata kwa dakika moja. Oili iliyochanganyika na petroli hailindi vyuma, na kwa kuwa ujazo umezidi, itasukumwa itokee popote penye udhaifu. Funga koki, mwaga oili yote, tengeneza sindano na boya la kabureta, kisha weka oili mpya. Kiki ikigoma kushuka, usiilazimishe kwa uzito wa mwili, kwani huenda silinda imejaa petroli. Toa plagi kwanza, weka waya wake mbali na tundu, kisha piga kiki taratibu mahali pasipo na moto wala sigara.

Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji ndani yake. Mwaga, weka mpya, tembea mpaka injini ipate moto vizuri, na baada ya kilomita mia moja hivi imwage tena. Maji hayatoki yote kwa mara moja.

Baada ya oili, angalia mpira wa kupumulia. Pistoni ikishuka huisukuma hewa iliyo chini yake, na hewa hiyo hutoka kwa mpira unaopanda kutoka kwenye injini na kwenda kwenye boksi la chujio la hewa, au kwa nyingine unaoning'inia tu. Chombo kilicholala uani ni nyumba ya wadudu. Nyigu wa udongo huziba kitundu chochote anachokipenda, na panya hukata mipira. Mpira ukiziba, shinikizo linapanda ndani ya injini na kuitoa oili kwenye sili nzima kabisa. Uchomoe, uupulize kwa mdomo au kwa pampu ya baiskeli, na uangalie kama umepondeka au umejikunja mahali ulipobanwa na tangi. Kazi hiyo ni ya dakika chache na haina gharama.

Kama umeshaiwasha na ukaona doa, hujachelewa. Izime, iache ipoe, ufanye haya haya.

Isafishe ndipo utafute

Oili ikitoka haikai pale ilipotokea. Hushuka, na pikipiki ikitembea, upepo huipeleka nyuma. Doa lililoko chini ya injini huenda limetoka juu kwenye kava ya valvu, likateremka kwenye mapezi ya silinda na kuzunguka bloku kabla ya kudondoka. Ndiyo maana kuutazama uchafu hakusaidii. Injini chafu huonekana kama inavuja kila mahali.

Injini ikiwa imepoa, isugue kwa brashi na mafuta ya taa au dizeli, kisha ioshe kwa sabuni ya unga na maji kidogo. Funika mdomo wa chujio la hewa na usiruhusu maji yafike kwenye plagi na waya. Toa kava ya sproketi ya mbele na ukwangue ule mchanganyiko wa grisi ya cheni na vumbi uliogandamana humo, kwani huo hudanganya kuliko kitu kingine chochote. Kausha kwa kitambaa na uiache ipigwe na upepo.

Sasa chukua poda ya mtoto, weka kidogo kwenye kitambaa chepesi na uipigepige kwenye maungio ya injini ili ukungu mweupe ukae juu yake. Washa, zunguka nayo mtaani kama dakika kumi, rudi, uzime. Chukua tochi, piga magoti, utazame. Palipo pakavu patabaki peupe. Oili ilipopita utaona mchirizi mweusi kwenye poda, na mchirizi una kichwa na mkia. Ufuate kuelekea juu na kuelekea mbele mpaka unapoanzia. Hapo ndipo penye kosa. Ukiona michirizi miwili, anza na wa juu, kwa sababu huenda wa chini ni mwendelezo wake.

Tandika boksi jeupe la katoni chini ya injini usiku kucha. Asubuhi litakuonesha kama inavuja hata ikiwa imesimama, na ni upande gani. Inayovuja ikitembea tu huenda ina tatizo la shinikizo, kwa hiyo rudi ukautazame mpira wa kupumulia.

Mchirizi unaanzia wapi

Kwenye nati ya kumwagia oili, chini kabisa. Hapa ndipo pa kutarajia zaidi, hasa kama oili imebadilishwa karibuni. Kosa huwa ni ringi bapa ya shaba au aluminiamu iliyo chini ya kichwa cha nati. Ringi hiyo hubanwa ikalala mara moja, na ukiirudia mara nyingi haizibi tena. Weka mpya.

Upande wa kulia, kwenye ungio la kava ya klachi. Kaza bolti zake kwanza, kwa msalaba na kwa kiasi. Ikiendelea, gasketi imekwisha. Kama mchirizi unaanzia katikati ya kava, pale shafti ya kiki inapotokea, ni sili ya kiki.

Upande wa kushoto, nyuma ya sproketi ya mbele. Hapa kuna shafti mbili zilizokaribiana, ya gia na ya sproketi, kila moja na sili yake. Kuna pia mpira unaopitisha waya za sumaku, nao hukakamaa na kuacha mwanya.

Juu, kwenye kava ya valvu. Vifuniko vidogo vya kurekebishia valvu vina oringi, na ikishakufa, oili huteremka kwenye mapezi ya silinda. Wengi wamefungua hedi na kununua gasketi zake, kumbe ilikuwa oringi ya kifuniko. Nyuma ya silinda ya injini nyingi pana kifaa cha kukaza cheni ya ndani chenye gasketi ndogo, nacho hukosewa vivyo hivyo.

Kwenye ungio la hedi au kitako cha silinda. Kama poda imeonesha wazi kwamba mchirizi unaanzia hapo na hapana tone juu yake, basi hiyo ndiyo kazi ya kumpa fundi.

Hakikisha pia kuwa unachokiona ni oili ya injini. Ikiwa kwenye miguu ya shokapu za mbele, ni oili ya shokapu. Tone linalonuka petroli chini ya kabureta halihusiani na injini kuvuja, ila lina hatari yake ya moto.

Ipe nafasi kabla ya kununua sili

Kama sili inatoa unyevu tu, kiasi cha kulowesha kidole lakini si kudondosha, usiing'oe siku hiyo hiyo. Weka oili mpya ya kiwango sahihi, tembea nayo siku kadhaa za kawaida, na uisafishe kila jioni. Mdomo uliokauka ukipata oili na joto unaweza kulainika na kushika tena. Ikiwa baada ya hapo inadondosha, imechanika au shafti ina kutu, na hapo kubadilisha ni lazima.

Sili ya shafti ya gia ni kazi ambayo mtu mwenye mikono mitulivu anaifanya mwenyewe. Kwenye injini nyingi ndogo hutoka kwa nje. Ukiona yako ina ukingo mpana uliobanwa katikati ya vipande viwili vya bloku, acha, maana hiyo inahitaji kupasuliwa injini. Mwaga oili. Weka alama ya rangi kwenye leva ya gia na kwenye shafti ili uirudishe pale pale, kisha uitoe. Safisha eneo lote mpaka ling'ae, kwa sababu chembe ya mchanga ikiingia itaila sili mpya. Ichokoe ya zamani kwa bisibisi ndogo bapa, ukiegemea kwenye mpira wala si kwenye shafti. Alama ya mkwaruzo kwenye shafti ni njia mpya ya oili.

Isome ya zamani. Imeandikwa vipimo vitatu, kwa mfano 12×21×4: shafti milimita 12, tundu milimita 21, unene milimita 4. Nenda dukani nayo mkononi. Piga msasa laini kwenye kutu ya shafti, ukizungusha kwa kuifuata duara, usikwangue kwa urefu. Meno ya mwisho wa shafti yafunge kwa selotepu ili yasiukate mdomo. Paka oili kwenye mdomo, ingiza sili upande wenye springi ukielekea ndani kwenye oili, na uigonge polepole kwa soketi yenye upana unaolingana nayo mpaka ilale sawa na ile ya zamani ilivyokuwa. Ikiingia upande, itoe uanze upya.

Bomba, silikoni na dawa za chupa

Mambo matatu huharibu injini kuliko uvujaji wenyewe. La kwanza ni kuvisha bomba kwenye spana ili nati ya oili "isilegee tena". Bloku ni aluminiamu, nati ni chuma. Ukizidisha nguvu nyuzi za bloku zinang'oka, na hasara ya ringi ya shaba inageuka kazi ya kuchonga nyuzi mpya. Kaza kwa spana ya kawaida, kwa kipimo cha kitabu kama una spana ya kupimia mkazo.

La pili ni silikoni nyingi. Gasketi ya karatasi huwekwa kavu kwenye uso msafi, isipokuwa kitabu kikiagiza vinginevyo. Silikoni inayozidi hukamuliwa pande zote mbili: ya nje unaiona, ya ndani inakatika, inasafiri na oili na kwenda kuziba chujio au njia inayopeleka oili kwenye hedi. Fundi akikuambia, "Bosi, tupige silikoni tu, itatulia," mwombe kwanza akuoneshe inapotokea. Akishindwa kukuonesha, hajui anaziba nini.

La tatu ni dawa za kumimina zinazodaiwa kuzuia kuvuja. Nyingi hulainisha na kuvimbisha mpira. Kwenye gari zina mjadala wake, lakini kwenye pikipiki nyingi klachi inaogelea ndani ya oili hiyo hiyo, na chochote kinachoongeza utelezi kinaweza kuifanya klachi iteleze.

Kwa sababu hiyo hiyo, usiweke oili yoyote unayoikuta. Injini nyingi za sentimita za ujazo 100 hadi 150 hushika kama lita moja, na nyingi zilizoko kwetu huagizwa 20W-50 au 10W-40 na watengenezaji wake. Tafuta kwenye chupa maandishi JASO MA au MA2, alama za kiwango cha Kijapani kilichoanza mwaka 1998, zinazothibitisha kwamba oili inafaa kwa klachi inayoloa. JASO MB ni ya skuta ambazo klachi zake haziloi oili ya injini. Usiweke oili nzito zaidi ili kuficha uvujaji. Injini ikiwa baridi, oili hiyo itachelewa kufika juu, na valvu ndizo zitakazoumia. Usizidishe ujazo pia kwa hoja kwamba itapungua: oili iliyozidi huongeza shinikizo na kutafuta pa kutokea.

Wakati wa kuacha kuiendesha

Unyevu kwenye ungio unaweza kusubiri mwisho wa wiki. Matone yanayofika kwenye tairi la nyuma hayasubiri hata safari moja, kwa kuwa kwenye kona utaanguka wewe na abiria wako. Osha tairi kwa sabuni na maji ya moto, na uziangalie breki za nyuma. Oili inayodondokea bomba la moshi nayo inaweza kuwaka. Na kama kiwango kinashuka kila asubuhi kwa kiasi unachokiona kwenye kijiti, iegeshe. Injini inayoshika oili lita moja ikipoteza nusu lita imebaki na nusu ya oili yake.

Oili chafu uliyoimwaga usiitupe mtaroni wala shimoni. Iweke kwenye dumu lenye kifuniko na uipeleke gereji inayokusanya. Nawa mikono kwa sabuni. Kuishika mara kwa mara kwa miaka mingi ni hatari kwa ngozi.

Ukiilaza tena

Walioko Ulaya Kaskazini au Kanada huliweka jambo hili kwenye kalenda: pikipiki inalazwa baridi ikianza na kutolewa theluji ikiyeyuka, na matayarisho yake yanafahamika. Sisi tunailaza ghafla, bila kujiandaa. Matayarisho ni yale yale na yanakula saa moja tu.

Badilisha oili kabla ya kuilaza, wala usingoje utakapoitoa, kwa sababu oili ya zamani ina maji na asidi vinavyokula vyuma kimyakimya. Itembeze kidogo ili ile mpya ienee. Funga koki, kisha fungua skrubu ya chini ya kabureta umwage petroli iliyobaki. Isimamishe kwenye stendi kubwa, juu ya ubao au saruji, mahali pakavu. Ifunike kwa kitu kinachopitisha hewa. Turubai la plastiki lililobana hufuga unyevu. Chomeka kitambaa kwenye mdomo wa bomba la moshi, na ufunge utepe mwekundu kwenye usukani ili atakayeiwasha akumbuke kukitoa.

Na ule mtindo wa kumtuma kijana aiwashe dakika mbili kila Jumapili "isife", uache. Injini isiyopata moto hutengeneza maji ndani yake na haipati muda wa kuyakausha, na maji hayo yanaishia kwenye oili. Kama hakuna wa kuitembeza nusu saa nzima mpaka ichemke vizuri, iache ilale. Siku ya kuitoa, anza na kijiti cha oili, pua yako na mpira wa kupumulia, ndipo uguse kiki.